Mgeni Aliyepewa Jembe: Kanisa na Wageni Wake katika Kasongo na Kabambare



Nimeombwa niseme juu ya maisha ya kanisa la mahali, kanisa linalokaribisha watu, kama tunavyolijua hapa kusini mwa Maniema. Nimekubali kwa moyo mmoja. Jambo hili tunalitenda kila juma, lakini ni mara chache tunaketi na kujiuliza tulilipata wapi na linatudai nini.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hutumia msemo huu kumsema mgeni mvivu. Mimi naona humo heshima kubwa. Siku ya kwanza na ya pili mgeni anapewa kiti, maji na chakula. Hayo ni wema. Siku ya tatu anapewa jembe, na kuanzia hapo ana mstari wake shambani, ana sehemu yake katika mavuno, na ana neno lake barazani. Amekoma kuwa mgeni.

Hoja yangu leo ni hii. Kanisa la Kasongo na Kabambare lilikuja kama mgeni, likapokewa, likapewa jembe. Kwa hiyo kipimo cha uhai wake ni kama nalo linawapa jembe wale wanaobisha hodi mlangoni pake. Torati yenyewe, kila inapowaamuru Waisraeli wampende mgeni, huwakumbusha kwamba nao walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Anayesahau kwamba aliwahi kupokewa hawezi kupokea vizuri.

Mgonjwa wa Kabambare

Tuanze na Kabambare. Mwezi wa Septemba 1869 David Livingstone alifika Bambarre, ndivyo alivyouandika mji huo katika shajara yake. Hakuja na shule wala kanisa. Alisafiri na mfanyabiashara Mwislamu, Mohamed Bogharib, ambaye mapema mwaka huohuo alikuwa amemuuguza alipokuwa mahututi kwa ugonjwa wa kifua. Mkuu wa nchi, ambaye Livingstone alimwandika Moenekuss, alikuwa amekwisha kufariki, na wanawe ndio waliompokea.

Mwaka uliofuata alirudi Kabambare akichechemea, miguu yake imejaa vidonda vilivyokula nyama. Tangu tarehe 22 Julai hadi tarehe 10 Oktoba 1870, siku 80, hakutoka kibandani. Watumishi wengi walikuwa wamemwacha. Walibaki Susi, Chuma na Gardner. Dawa iliyomfaa, kwa maandishi yake mwenyewe, ilikuwa malakite, lile jiwe la kijani lenye shaba, likisagwa kwa maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kidondani kwa unyoya. Ameandika pia kwamba katika nchi ya Manyema aliisoma Biblia yote mara nne.

Wamisionari wengi hukumbukwa kwa hotuba zao na kwa idadi ya waliobatizwa. Huyu, alipokuwa Kabambare, hakubatiza mtu. Alilala, alilishwa, alipakwa dawa, akasoma. Ukristo uliingia katika nchi hii ukiwa umelala mkekani, ukitunzwa na Mwislamu na kuhifadhiwa na mwenyeji ambaye hakuwa wa dini hii wala ile.

Tusiifanye habari hii kuwa tamu kupita ukweli wake. Misafara ya biashara iliyomhifadhi ndiyo iliyobeba pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Livingstone alilijua hilo, likamtesa, na hata hivyo alikula chakula chao kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, siku ya gulio, watu wa misafara walipoufyatulia risasi umati wa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Kwa makisio ya wafanyabiashara wenyewe walikufa watu kati ya 330 na 400, wengi wao wakizama mtoni. Basi ukarimu na ukatili vilikaa katika kijiji kimoja, wakati mwingine katika nyumba moja. Kanisa lolote linalotaka kusema juu ya mapokezi katika Maniema lisimame kwanza juu ya ukweli huo.

Kanisa la waliokombolewa

Kasongo ya kale, ile ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi tunayemwita Tippu Tip, ilikuwa pale Tongoni. Ulikuwa mji wa mashamba na nyumba kubwa, mji wa Wangwana, Waislamu waliosema Kiswahili, na mchele tunaoula leo ni urithi wa watu hao. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dola la Kongo likiongozwa na Dhanis liliuteka. Mmisionari alikuja nyuma ya bunduki hizo, na kwa wazee wetu wengi haikuwa rahisi kumtenganisha padri na bwana mkubwa wa kodi. Hilo nalo tulikumbuke.

Lakini mizizi ya Ukristo wetu ilikuwa imekwisha kushika mahali pengine, upande wa ziwa Tanganyika. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kardinali Lavigerie, walikuwa Kibanga tangu mwaka 1883 na Mpala tangu mwaka 1885. Na nani walikuwa Wakristo wao wa kwanza? Wengi walikuwa watumwa waliokombolewa, watoto waliotolewa minyororoni wasiojua tena njia ya kurudi kwao. Walikuwa watu wasio na ukoo. Kanisa likawa ukoo wao. Kabla ya ubatizo walisubiri miaka minne ya mafundisho, ndivyo alivyoagiza Lavigerie, na katika miaka hiyo walilima, walijenga, walioana, wakawa kijiji. Kutoka katika Ukristo huo wa ukanda wa ziwa alitoka Stefano Kaoze, aliyepewa upadre tarehe 21 Julai 1917, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi kuupata.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mapadre Weupe walijenga misheni Kasongo, na kutoka hapo njia zikaenda vijijini. Waliozipita kwa miguu walikuwa makatekista, watu wa kwetu, wakibeba kitabu kimoja na kulala nyumba ya yeyote aliyefungua mlango. Mwaka 1952 Kasongo ikawa vikarieti, na mwaka 1959 ikawa jimbo kamili.

Ndugu zetu Waprotestanti walikuja kwa njia nyingine. Kutoka magharibi walikuja Wamethodisti walioanza Wembo Nyama mwaka 1914. Upande wa mashariki Wapentekoste kutoka Sweden na Norway walifika katika Kivu miaka ya 1920. Waanglikana, ambao mwanzo wao Kongo ni safari ya Apolo Kivebulaya kwenda Boga mwaka 1896, waliingia Maniema baadaye sana. Mwaka 1970 jumuiya hizo za Kiprotestanti ziliwekwa chini ya paa moja la Kanisa la Kristo, na ndiyo maana mpaka leo nyingi hubeba namba mbele ya jina: ya tano, ya nane, na kadhalika.

Makanisa haya yalipewa jembe gani? Yalipewa shule na zahanati. Serikali ya Mobutu ilizichukua shule mwaka 1974, na miaka mitatu baadaye, tarehe 26 Februari 1977, ikatia sahihi mkataba wa kuzirudisha mikononi mwa makanisa. Tangu hapo mtoto wa Kasongo, awe wa Omari au wa Yohana, huenda shule ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Wakimbangu au ya Waislamu, kulingana na ile iliyo karibu na kwao. Siku mwalimu wa misheni alipoanza kumfundisha mtoto wa shehe kusoma, na shehe akakubali, mgeni alikuwa amekwisha kushika jembe.

Chungu kimoja

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo utajiri wetu ulipo.

Kasongo ni mji wa Uislamu wa zamani kuliko karibu miji yote ya Kongo. Mkristo wa hapa hajawahi kuishi peke yake. Tazameni majina yetu. Katika kanisa lolote la Kasongo au Kabambare, padri au mchungaji anapoita majina ya wanaobatizwa, utasikia Ramazani, Amisi, Saidi, Asumani, Amuri. Babu alikuwa Mwislamu, jina likabaki, mjukuu akaongezewa Petro au Emmanuel. Hakuna anayeona aibu. Jina linasema kweli juu ya nyumba tulizotoka.

Tazameni pia siku ya arusi au ya Noeli katika familia iliyochanganyika, na familia nyingi zimechanganyika. Mbuzi yupo, mchele upo, sombe inachemka kwa mawese. Kabla kisu hakijaguswa, mwenye nyumba Mkristo anamtuma mtoto amwite mjomba Mwislamu aje achinje. Mjomba anakuja, anamwelekeza mnyama, anataja jina la Mungu, anachinja. Nyama ile sasa inaweza kuliwa na kila aliyealikwa, na hakuna atakayekaa pembeni na sahani tupu. Hapakuitishwa mkutano wa dini wala hapakusainiwa hati. Mwenyeji amefikiri juu ya mgeni wake kabla ya kuwasha moto, na hilo ndilo mapokezi.

Kwenye kilio ni vivyo hivyo. Anapokufa Mkristo, majirani Waislamu hukesha naye, wanawake huleta kuni na unga, wanaume huchimba kaburi. Anapokufa Mwislamu, mama Wakristo hufika mapema, kwa kuwa wanajua maziko ya Waislamu hayangoji. Ndugu zangu mashehe, naliamini jambo hili kwa dhati: Ukristo wa Kasongo umejifunza adabu ya mgeni nyumbani kwenu. Tulikuta mji uliokuwa na salamu zake, na mkeka ukatandikwa. Kama leo kanisa letu linajua kukaribisha, sehemu ya elimu hiyo tuliipata barazani penu.

Juma la jumuiya

Sasa tuingie ndani tuone kazi yenyewe inavyokwenda.

Katika vijiji vingi kengele ya kanisa ni rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe, inayopigwa kwa kipande cha chuma. Inapigwa mara ya kwanza kukipambazuka ili watu waamke na waoge, na mara ya pili ibada inapokaribia. Padri hawezi kuwa katika kila kijiji siku ya Mungu. Parokia moja ina vituo vingi, barabara ya matope, na wakati wa mvua pikipiki hukwama. Kwa hiyo Jumapili nyingi ibada huongozwa na katekista, mtu mwenye shamba lake na watoto wake, asiyelipwa mshahara wa kuhesabika. Yeye ndiye anayejua nani amelala bila kula.

Mwisho wa ibada huja matangazo, na katika matangazo huja wageni. Wanaombwa wasimame. Kila mmoja anataja jina, alikotoka, na kilichomleta. Aliyehama kutoka jumuiya nyingine huleta barua kutoka kwa mchungaji wake au cheti cha ubatizo, na barua husomwa mbele ya wote. Kwaya huimba kifupi, watu hupiga makofi, na mama wa mapokezi anahakikisha kwamba mgeni hatoki mlangoni peke yake. Msiidharau saa hiyo. Mtu aliyetembea kutoka Kabambare hadi Kasongo, akisukuma baiskeli yenye magunia, au akikimbia milio ya risasi, anasikia jina lake likitajwa kwa heshima mbele ya watu mia moja.

Ila uzito wa maisha yetu hauko Jumapili. Uko katika jumuiya ndogo. Mwaka 1961, kabla ya wengine wengi Afrika, maaskofu wa Kongo waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya hai za mtaani, na Afrika Mashariki ikafuata njia hiyo katika miaka ya 1970. Huku mashariki ya Kongo wengi huziita shirika. Waprotestanti wana seli zao na vikundi vya maombi. Majina tofauti, kazi ileile: nyumba kumi au ishirini hukutana jioni uani kwa mmoja wao, husoma Neno, kisha huulizana nani mgonjwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amefukuzwa shule.

Maswali hayo hugeuka kazi. Mjane ambaye paa la nyumba yake limeanguka hufanyiwa salongo, yaani kazi ya pamoja: vijana hukata miti, wasichana huteka maji ya kukandia udongo, mama hupika bukari. Mgonjwa hubebwa kwenye machela hadi zahanati, na walinzi wake hupokezana. Watoto wa Xaveri, chama kilichozaliwa Bukavu mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa juhudi za Padri Georges Defour wa Mapadre Weupe, hufundishwa kwamba kufagia uwanja wa bibi asiye na mjukuu ni sala.

Kisha kuna visanduku. Wanawake wetu wengi wamo katika MUSO, yaani vyama vya kusaidiana. Chama hukutana siku maalumu, na kwenye meza huwekwa visanduku viwili, cha kijani na chekundu. Cha kijani ni cha mikopo: mwanachama hukopa, huenda kununua samaki wa Lualaba au mawese, huuza, hurudisha na faida kidogo. Chekundu ni cha msiba na ugonjwa, hakikopeshwi, hutolewa. Vyama vingine vina cha buluu kwa fedha zitokazo nje. Kila mchango huandikwa mbele ya wote, na funguo hazikai kwa mtu mmoja. Mama asiyejua kusoma hufuatilia kwa kichwa, na akisikia hesabu isiyokwenda sawa hunyoosha mkono.

Nawaomba mvitazame visanduku hivyo kwa makini. Mama aliyefika mwaka jana bila kitu, akapokewa, akaanza kutoa mchango mdogo kila mkutano, siku moja anakabidhiwa ufunguo. Siku hiyo jumuiya imempa jembe. Hakuna hotuba ya mapokezi inayoweza kusema zaidi ya ufunguo ule.

Miaka ya kukimbia

Nchi yetu imekuwa na miaka mingi ya kukimbia. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, wamisionari watatu Wasaveriani kutoka Italia, Vittorio Faccin, Luigi Carrara na Giovanni Didoné, waliuawa Baraka na Fizi, jirani kabisa na Kabambare yetu. Pamoja nao alikufa padri Albert Joubert, mtoto wa baba Mfaransa na mama Mkongo. Walikuwa na nafasi ya kuondoka, wakabaki na waamini wao. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa wenye heri mjini Uvira.

Kasongo nayo ilikuwa na mchungaji wa aina hiyo. Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, alikuwa askofu wetu kuanzia mwaka 1990 hadi alipofanywa askofu mkuu wa Bukavu mwaka 1994. Alifika Bukavu mwaka uleule ambapo wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Aliwapokea. Aliwatetea dhidi ya wale waliotaka kuwahukumu wote kwa makosa ya baadhi, na aliwatetea pia wenyeji waliolemewa na mzigo huo. Tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa barabarani Bukavu. Wazee wa Kasongo wanaomkumbuka wanajua kwamba aliyoyafanya kule hakuyaanzia kule. Mtu hajifunzi kufungua mlango siku bunduki zinapolia. Huwa amekwisha kuzoea kuufungua siku za amani.

Halafu vikaja vita vya 1996 na 1998, watu wakaishi msituni na ibada zikafanyika chini ya miti. Karibu zaidi na sisi ni Salamabila. Dhahabu ya Namoya, jirani na Salamabila katika eneo la Kabambare, iliyoleta kampuni ya Banro na matumaini ya kazi, ilileta pia ugomvi wa ardhi na wa machimbo. Wapiganaji wa Mai-Mai Malaika waliingia vitani, na tangu mwaka 2017 jamaa nyingi zilikimbia tena na tena kuelekea Kabambare na Kasongo.

Walilala wapi? Wageni wa kutoka nje hudhani wakimbizi wote hukaa kwenye mahema. Kongo wengi wao huishi katika nyumba za wenyeji. Nyumba ya vyumba viwili inapokea jamaa nyingine nzima. Chungu kilichotosha watu saba sasa kinalisha kumi na watano. Akiba ya mpunga wa mbegu inaliwa. Caritas na mashirika mengine huja, husajili, hugawa, huondoka. Mwenyeji anabaki na mgeni wake. Katika miezi hiyo ndipo jumuiya ndogo ilipoonekana thamani yake, kwa kuwa ilijua nyumba ipi imezidiwa na ipi ina nafasi, nani ana shamba lililolala na nani ana mikono isiyo na shamba. Mkimbizi aliyepewa kipande cha kulima msimu mmoja aliacha kuwa mzigo. Wengi walirudi kwao wakiwa na mbegu zao wenyewe.

Mahali tunapopungukiwa

Nisingetenda haki kama ningeishia kwenye sifa. Yako milango ambayo bado tunaifunga.

Mlango wa kwanza ni wa mwanamke aliyebakwa. Vita vimewaumiza wanawake wa Kabambare kwa namna ambayo maneno hayatoshi. Baadhi yao walipelekwa hadi hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999 chini ya kanisa la Kipentekoste la CEPAC. Dunia ilimheshimu daktari huyo kwa Nobeli ya Amani mwaka 2018. Lakini mwanamke akipona mwili na kurudi kijijini, mara nyingi mume amemkana, na katika kwaya yake ya zamani nafasi imejazwa. Tunamwombea. Tumrudishie pia nafasi yake ya kuimba, na mwanawe aliyezaliwa kutokana na ubakaji huo abatizwe mchana kweupe na watu wote wakishangilia.

Mlango wa pili ni wa Mtwa. Anakuja gulioni, anauza asali na nyama ya porini, anabeba mizigo yetu. Kanisani anakaa nyuma kabisa, kama anaingia. Ni kaseti gani ya kwaya ina sauti yake? Ni kamati gani ina jina lake?

Mlango wa tatu ni wa anayeitwa mchawi. Bibi kizee mwenye macho mekundu, mtoto yatima anayeota usiku: wako wahubiri wanaowanyooshea kidole wakiwa mimbarini. Nasema kwa uchungu na bila kuzunguka: anayemwita mtoto mchawi mbele ya watu amemtoa mtoto huyo nyumbani mwa Mungu, na amemtoa yule ambaye Kristo alimweka katikati ya wanafunzi.

Mlango wa nne ni wa kijana aliyetoka msituni na kuweka bunduki chini. Huyu ni mgumu, kwa maana pengine aliyeumizwa naye anakaa benchi la mbele. Hatuwezi kumpokea kwa kumnyamazisha aliyeumizwa. Yahitajika wazee, yahitajika ukweli kusemwa, yahitajika muda. Lakini asipopata jembe, bunduki iko palepale alipoiacha.

Na uko mlango kati yetu wenyewe. Mkatoliki anapohamia kijiji chenye kanisa la Kipentekoste peke yake, huulizwa kwanza kama ameokoka. Mpentekoste anapolala misheni, hutazamwa kama mtoto aliyepotea. Tumewezaje kuchinjiana mbuzi na Waislamu, tukashindwa kukaribishana sisi kwa sisi?

Tufanye nini

Napendekeza mambo matatu, yote yaliyo ndani ya uwezo wetu, yasiyongoja fedha za mtu.

La kwanza: kila jumuiya ndogo ianze kikao chake kwa wageni. Kabla ya michango, kabla ya ratiba ya kwaya, iulizwe: nani amehamia mtaani petu, na nani ameacha kuja? Anayeacha kuja ni mgeni anayeondoka bila kuaga, na naye ana haki ya kutembelewa.

La pili: aliyepokewa apewe kazi mapema. Asome somo, ashike ufunguo, apige ngoma, afundishe watoto, aingie kamati ya salongo. Tusimweke kwenye benchi la wageni mwaka mzima tukimtabasamia. Hasa hili lifanywe kwa Watwa na kwa wanawake waliorudi kutoka hospitali.

La tatu: mapadre, wachungaji na maimamu wa kila mji wawe na daftari moja la jamaa zilizokimbia na nyumba zilizozipokea. Daftari moja kwa dini zote. Msaada ukija, usifuate urafiki wala dhehebu, ufuate njaa. Na usipokuja, tujue wenyewe nyumba gani ya kupunguziwa mzigo juma hili.

Wapendwa, siku zile mgeni wa Kabambare alipokuwa hawezi kusimama, hakuna aliyemuuliza dini yake kabla ya kumpaka dawa. Sisi tulio watoto wa imani aliyoibeba hatuna ruhusa ya kufanya chini ya hapo. Jimbo litapimwa kwa idadi ya parokia, na jumuiya za Kiprotestanti kwa namba zao. Kwa Mungu, nasadiki, tutapimwa kwa watu ambao waliingia kwetu wakiwa wageni na sasa wanawakaribisha wengine.

Sasa nayasubiri maswali yenu, na ningependa aanze yule aliyehamia mji huu karibuni zaidi kuliko sisi wote.